Kusasisha BIOS ya kompyuta ya mezani Unguja na Pemba: chagua njia kwa kuangalia utarudi vipi

Wakati wa masika, bi mmoja mwenye duka la steshenari Mkoani, Pemba, alivuka na meli kuja Unguja na kompyuta yake ya mezani imefungwa kwa khanga mbili. Aliitua juu ya meza yangu taratibu kama anayemlaza mtoto. "Fundi, feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini kiza. Nimefanya nini mie?"

Hakufanya kosa la kumlaumu. Programu ya watengenezaji wa mashine ilimwambia kuna toleo jipya la BIOS, akakubali, mashine ikajizima na kujiwasha, mstari ukaanza kujaa, na umeme wa mtaa mzima ukazimika. Uliporudi baada ya robo saa, mashine haikutoa hata mlio.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza njia ipi ya kusasisha BIOS ni rahisi, namuuliza kwanza: umeme ukikatika katikati, utarudi vipi? Umeme ukikaa, njia zote zinakufikisha pahala pamoja. Ukizimika ndipo zinapoachana, na huku visiwani kuzimika tunakujua. Unguja tunapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba tangu 2010 wanaupata kutoka Tanga kwa namna hiyo hiyo, na waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawajasahau miezi mitatu ya kiza. Kwa BIOS, sekunde mbili zinatosha kuharibu kazi. Tena umeme si lazima ukatike mtaa mzima: mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, ikiishiwa yuniti, chumba chako peke yake ndicho kinachozima.

Kwa asiyeijua, BIOS, ambayo kwa mashine za miaka hii ni UEFI ingawa wote tunaiita BIOS, ni programu iliyoandikwa kwenye chipu ndogo ya miguu minane juu ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, mara nyingi ya megabaiti 8, 16 au 32. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, hiyo ndiyo ya mwanzo kuamka. Inaiandaa prosesa, inaipima ramu, inaamsha skrini, kisha inaikabidhi mashine kwa Windows au Linux. Kuisasisha ni kufuta sehemu ya chipu hiyo na kuandika upya. Ukikatizwa hapo, diski na mafaili yako yako salama kabisa, ila mashine haina wa kuiamsha.

Unahitaji kweli?

Nasema wazi: nusu ya wanaonijia na swali hili nawarudisha nyumbani bila kugusa chochote. Tangu Windows 10 iache kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, wateja kadhaa wameniletea mashine za mtumba wakiamini kwamba BIOS mpya itazifanya zikubali Windows 11. Mashine za Core i kizazi cha nne, kama OptiPlex 3020 ya Dell na EliteDesk 800 G1 ya HP ninazokutana nazo kila wiki maofisini na skuli, hazimo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel inaanza na kizazi cha nane. Ukiandika chipu mara kumi, prosesa itabaki ile ile.

Sababu za kweli zipo, na zinahesabika. Umenunua prosesa mpya kuliko madabodi: Ryzen 5000 za AMD zilitoka 2020, na madabodi ya B450 ya 2018 hayazitambui mpaka yapate BIOS mpya. Una Core i5, i7 au i9 ya mezani ya kizazi cha 13 au 14 miongoni mwa zile zilizokumbwa na tatizo la volti: dawa yake Intel iliitoa kuanzia Agosti 2024, na inapita ndani ya BIOS. Dawa hiyo inakinga tu, prosesa iliyokwisha kuumia haiponi, kwa hiyo mwenye mashine kama hizi asingoje. Kuna pia mashimo ya usalama, kama yale ya LogoFAIL yaliyotangazwa Disemba 2023, ambapo picha ya nembo inayotokea mashine inapowaka inaweza kutumiwa kuingiza programu mbaya. Na kuna vyeti vya Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia mashine, vya mwaka 2011 ambavyo muda wake unaanza kuisha Juni 2026. Mashine nyingi hupokea vipya kupitia Windows, lakini zipo zinazotaka BIOS mpya kwanza.

Kama humo katika haya, na mashine inawaka na kufanya kazi yako, iache.

Kama umo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na usome modeli, toleo la BIOS na tarehe yake. Kwa mashine ya kuunda mwenyewe, fungua kava usome jina la madabodi pamoja na namba ya marekebisho iliyochapwa pembeni, kwa sababu bodi mbili za jina moja zinaweza kuwa na BIOS mbili tofauti. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, isimamishe kwanza na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 umeandikwa nje ya mashine. Nimewahi kuona BIOS imesasishwa vizuri kabisa, halafu mwenyewe akakaa nje ya mafaili yake kwa sababu ufunguo hakuujua.

Ndani ya Windows, au kwa flashi kwenye menyu?

Hizi ndizo njia mbili ambazo wengi huchagua baina yake, na nitazisema pamoja.

Ndani ya Windows mambo huja kwa sura tatu. Windows Update yenyewe, kwa baadhi ya mashine za Dell, HP na Lenovo, huleta BIOS pamoja na masasisho mengine, na unaweza kuzima mashine jioni bila habari kwamba asubuhi itawaka ikiandika chipu. Sura ya pili ni faili la kampuni unalolipakua na kulibonyeza: kwa mashine za ofisi kwa kawaida faili hili hutayarisha kazi tu, kisha mashine hujiwasha upya na kuandika nje ya Windows. Sura ya tatu ni programu za baadhi ya madabodi zinazoandika chipu huku Windows bado iko juu. Hiyo ya tatu siitumii na simshauri mtu yeyote. Windows ina shughuli nyingi, ina antivairasi, ina programu zinazoganda, na chipu ikiwa nusu imefutwa si wakati wa kuona mashine imeganda.

Uzuri wa sura ya pili ni kwamba faili hulinganisha modeli kabla ya kuanza, na likiona mashine siyo, linakataa. Kwa mtu asiye fundi hiyo ni kinga kubwa.

Njia ya menyu ni kuweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, kuichomeka, na kuingia kwenye chombo kilichomo ndani ya BIOS yenyewe. Dell nyingi zilizotengenezwa baada ya 2012 zina kipengele hicho ukibonyeza F12 wakati wa kuwasha. HP ni F10. Madabodi ya ASUS wanakiita EZ Flash, MSI ni M-Flash, Gigabyte ni Q-Flash, na ASRock ni Instant Flash. Hapa hakuna Windows ya kuganda. Kuna BIOS, flashi na chipu tu, na toleo jipya hukaguliwa kabla ya kuandikwa.

Umeme ukikatika, hata hivyo, hizi mbili ni sawa. Menyu imekuondolea hatari ya Windows, hatari ya umeme iko pale pale. Ndiyo maana anayesema "mimi natumia flashi, niko salama" amejibu nusu ya swali.

Pahala menyu inaposhinda wazi ni bando na wingi wa mashine. Mwalimu wa skuli yenye kompyuta ishirini za modeli moja anapakua faili mara moja, anazunguka na flashi chumbani, na anaijua kila mashine iliyofanywa na isiyofanywa. Lakini flashi hiyo iwe ya kazi hiyo peke yake. Flashi zetu zinapita kila steshenari ya mjini kuchapisha CV na fomu, na zinarudi na kila aina ya kirusi. Ifomati kwanza, weka faili moja tu, kisha anza.

Mashine yako imewekewa mlango wa nyuma?

Mlango wa nyuma ni njia ya kurudi iliyowekwa na watengenezaji wenyewe. Hapa ndipo ninapotaka mtu atumie muda wake, maana mashine mbili zilizokaa meza moja, zimesasishwa kwa njia moja, zikakatikiwa na umeme pamoja, moja inaweza kurudi kwa dakika kumi na nyingine ikahitaji fundi.

Kwenye Dell za kizazi cha sita cha Intel na kuendelea kuna utaratibu wa kurudisha BIOS: unashikilia Ctrl na Esc kwenye kibodi ya waya huku ukiiwasha mashine, nayo hutafuta nakala kwenye diski au kwenye flashi yenye faili uliloliita BIOS_IMG.rcv. Faili hilo ni lile lile ulilopakua kwa ajili ya kusasisha, limebadilishwa jina tu. HP za ofisi hutumia kitufe cha Windows pamoja na B, unavishikilia na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde mbili tatu, flashi ikiwa imeshachomekwa. HP Compaq za zamani hukwambia wenyewe kilichowapata: taa nyekundu inamemeta mara nane pamoja na milio, inapumzika sekunde mbili, inaanza tena, maana yake ni kwamba yaliyomo kwenye chipu ya BIOS hayasomeki sawa. Na EliteDesk za miaka ya karibuni zina Sure Start, ambayo huweka nakala pembeni na kurudisha yenyewe ikiona BIOS imeharibika. Lenovo ThinkCentre nyingi zina jampa, kiplastiki kidogo cha kuunganisha pini mbili, ndani ya kava inayohamishwa ili mashine isome flashi ya kuponyea. Baadhi ya madabodi ya Gigabyte yana chipu mbili, ya kazi na ya akiba, na ya akiba huchukua nafasi ya kwanza ikianguka.

Usingoje kiza ndipo uanze kutafuta vitufe. Pakua mwongozo wa modeli yako, tafuta ukurasa wa kurudisha BIOS, tayarisha flashi ya kuponyea kabla hujagusa kitu, na uwe na kibodi ya waya. Ile isiyo na waya mara nyingi haisikiki mapema kiasi hicho. Ukikosa ukurasa huo kwenye mwongozo, umepata jibu: mashine yako haina mlango wa nyuma, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutosasisha bila UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishika mashine umeme ukikatika.

Kitufe kilicho nyuma ya madabodi

Kwa anayeunda mashine mwenyewe, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ningemshauri alipie zaidi kidogo apate bodi iliyonayo. ASUS wanaiita BIOS FlashBack, MSI Flash BIOS Button, Gigabyte Q-Flash Plus. Nyuma ya kesi, karibu na tundu za USB, kuna kitufe kidogo na tundu moja lililowekewa alama.

Unaandaa flashi ya FAT32 na kulipa faili jina ambalo bodi inalitafuta: MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte GIGABYTE.bin, ASRock CREATIVE.ROM, na ASUS hutoa kiprogramu kidogo cha kulibadilisha jina kulingana na bodi. Unachomeka flashi kwenye tundu lile lenye alama, si la jirani yake. Mashine imezimwa, pawa saplai imewashwa, nyaya zake za pini 24 na ile ya prosesa zimeshikana na bodi. Unabonyeza. Kwa ASUS unashikilia kama sekunde tatu mpaka taa imemete mara tatu, kisha unaondoa kidole na kukaa. Taa inaendelea kumeta dakika kadhaa, na ikizimika kazi imekwisha. Ikimeta sekunde tano halafu ikaganda kuwaka moja kwa moja, basi kuna kitu hakikukubalika, na kwa niliyoyaona mezani kwangu karibu mara zote ni jina la faili au flashi yenyewe.

Kinachoifanya njia hii iwe ya peke yake ni kwamba haiitegemei BIOS iliyomo. Kazi inafanywa na chipu nyingine ndogo kwenye bodi, ndiyo maana huhitaji prosesa wala ramu. Umeme ukizimika katikati, unaporudi unabonyeza tena. Njia ya kusasisha na njia ya kurudi ni moja. Kijana aliyenunua B450 na Ryzen 5000 kwa pamoja, hana prosesa ya zamani ya kuazima kwa rafiki, kitufe hiki kinamwokolea kila kitu. Mapungufu yake ni kwamba madabodi ya bei ya chini mengi hayanacho, na mashine za ofisi tunazonunua mtumba karibu zote hazinacho.

Linux

Nitapita haraka. Anayetumia Linux ana fwupd, kazi iliyoanzishwa na Richard Hughes, inayochukua BIOS kutoka hazina ya pamoja ambako Dell, Lenovo, HP na wengine huweka mafaili yao. Amri tatu zinatosha: fwupdmgr refresh, fwupdmgr get-updates, fwupdmgr update. Kwa usalama wa umeme iko daraja moja na faili la kampuni ndani ya Windows, maana nayo huandaa kazi na kuiachia BIOS iandike baada ya kujiwasha upya. Kama modeli yako imo kwenye hazina, itumie. Kama haimo, rudi kwenye flashi na menyu.

Klipu na chipu

Hii ni kubana klipu yenye nyaya juu ya miguu ya chipu na kuiandika moja kwa moja kutoka kompyuta nyingine. Haichaguliwi kusasisha. Ni njia ya kurudi ambapo hakuna nyingine, na ndiyo iliyoipata mashine ya bi wa Mkoani.

Nilianza na vitufe. Nilijaribu vyote vinavyohusu aina ile ya mashine, kwa kibodi mbili na flashi tatu. Kimya. Modeli ilikuwa ya zamani kidogo, haikuwekewa njia ya kurudi. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa betri ya saa, ile CR2032, nikafungua kava na kutafuta chipu kwa tochi.

Duka lake linatazama bahari. Miguu ya chipu ilikuwa na utando wa kijani hafifu, ule ambao hewa ya chumvi huutia kwenye shaba na risasi bila mwenyewe kuona. Klipu haishiki juu ya utando kama ule. Nikaupitisha mswaki laini wenye spiriti, mguu mmoja mmoja, mpaka ukarudi kung'ara, nikaacha ukauke. Kisha nikasoma maandishi ya mgongoni kwa lenzi: W25Q64, megabaiti 8, volti 3.3. Maandishi hayo ni lazima uyasome. Madabodi mengi mapya yana chipu za volti 1.8, na ukizipelekea 3.3 unaziua. Na kile kifaa cheusi cha kuandikia chipu, CH341A, kinachouzwa rahisi kila pahala kina kasoro inayojulikana: nyaya zake za data hutoa volti 5 hata chipu inapotaka 3.3. Nunua toleo lenye swichi ya volti, au mpe anayejua kulirekebisha.

Nikakaa na klipu. Upande wenye waya mwekundu kwenye nukta ndogo iliyochongwa pembeni mwa chipu, maana hapo ndipo mguu wa kwanza. Nikasoma chipu nzima kwa programu ya flashrom na kuihifadhi. Nikasoma tena. Nikalinganisha: hazikufanana. Hapo wengi huharibu, wanaandika juu ya usomaji wenye makosa na kupoteza hata kile kilichokuwa kizima. Nikaivua klipu, nikaisafisha meno, nikaibana upya. Usomaji wa tatu na wa nne ukafanana baiti kwa baiti.

Kwa nini kujisumbua kusoma chipu iliyoharibika? Kwa sababu imeharibika nusu. Mle ndani mna namba ya mashine, na kwenye bodi zenye mtandao wa Intel mna anwani ya kadi ya mtandao. Ukichukua faili la mashine nyingine mtandaoni na kulimwaga lote, kompyuta itawaka, lakini itakuwa na jina la mwenzake, na leseni ya Windows inaweza kukataa. Nililoandika ni mchanganyiko: sehemu ya BIOS kutoka kwenye faili la kampuni, sehemu zilizobaki kutoka kwenye chipu yake mwenyewe. Nikaandika, flashrom ikakagua, nikavua klipu, nikarudisha betri na waya.

Mara ya kwanza ilikaa kama dakika nzima bila dalili. Ndivyo inavyokuwa, inajipima ramu upya. Kisha mlio mmoja mfupi, na nembo kwenye skrini.

Ukiilinganisha na njia nyingine, klipu inataka mkono uliotulia, kifaa, lenzi, na mtu anayeelewa kilichomo ndani ya chipu. Baadhi ya bodi zina chipu mbili za kusoma. Nyingine zina chipu iliyokaa kwenye soketi, inayong'olewa kwa kucha na kubadilishwa, na hizo ni neema. Kwa mwenye mashine moja, kununua kifaa si lazima, lakini ajue fundi gani wa karibu anacho kabla ya kubonyeza chochote. Bi wa Mkoani hakumjua hata mmoja Pemba, na ndiyo maana alilipa nauli ya meli kwa ajili ya chipu ndogo kuliko punje ya mbaazi.

UPS, na namna ya kuijua kama iko hai

Yote niliyosema yanapungua uzito ukiwa na UPS nzima. Tatizo ni neno nzima. Ofisi nyingi ninazoingia zina UPS chini ya meza inayowaka taa ya kijani na betri yake imekufa zamani. Betri hizi za risasi, mara nyingi volti 12, haziupendi joto la vyumba vyetu. Ijaribu kabla: washa kompyuta na skrini kwenye UPS, cheza video, kisha chomoa waya wa UPS ukutani. Ikishika dakika tano bila kulalamika, iko hai. Kazi yenyewe mara nyingi inaisha ndani ya dakika tatu hadi kumi, kwa hiyo ya kutegemea ni ile inayoshika kumi. Ikizima pale pale, umeokoka bila hasara. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo hiyo wakati wa kazi, inakula umeme wa ghafla.

Jenereta ndogo bila UPS siihesabu. Inapanda na kushuka, na petroli ikiisha haikuagi.

Ningekuchagulia nini

Una mashine moja ya ofisi ya mtumba, haina mlango wa nyuma, na uko mbali na fundi mwenye klipu: usisasishe mpaka uwe na sababu ya usalama iliyo wazi. Ukiwa nayo, flashi na menyu, juu ya UPS uliyoijaribu, asubuhi, yuniti zikiwemo kwenye mita, na mvua isiwe inanyesha. Mashine ile ile lakini ina Ctrl na Esc au Windows na B: faili la kampuni ndani ya Windows linakufaa, kwa masharti kwamba flashi ya kuponyea iko tayari mfukoni.

Skuli na ofisi zenye mashine nyingi: menyu, na mashine moja kwanza. Iache siku tatu ifanye kazi na wanafunzi ndipo uguse za pili na tatu. Nimekuta pahala zimefanywa kumi na nane kwa jioni moja, na toleo lile likawa linaifanya kadi ya mtandao isiwake. Kurudi toleo la nyuma kuliwezekana, lakini mara kumi na nane. Tena baadhi ya watengenezaji huzuia kurudi nyuma baada ya toleo la usalama, kwa hiyo soma maelezo ya toleo kabla, si baada.

Anayeunda mashine ya gemu au ya kuhariri video: nunua bodi yenye kitufe. Ukishakuwa nacho, tumia hicho kila mara, hata siku ambayo menyu ingefaa.

Na ikishakuwa kiza, usikimbilie klipu. Chomoa waya dakika tano, toa betri ya saa na kuirudisha, jaribu ramu moja, jaribu vitufe vya modeli yako kwa kibodi ya waya na flashi ya pili. Mashine kadhaa zimeletwa kwangu kama maiti, na kilichokuwa kinazisumbua ni flashi iliyofomatiwa NTFS badala ya FAT32.

Bi wa Mkoani alikaa mjini siku mbili. Nakala nzima ya chipu yake, ile nzuri iliyokaguliwa, niliiweka kwenye flashi, nikaandika modeli na tarehe kwenye karatasi, nikaibandika kwa selotepu ndani ya kava, pahala feni haifiki, ili fundi yeyote mwenye klipu, hata akiwa Chake Chake, aanzie hapo bila kubahatisha. Darajani alinunua UPS. Aliichomoa ukutani mbele ya muuzaji, akahesabu dakika kwa saa ya simu, ndipo akalipa.